Mpini wa Pili

Kijana aliyeniletea shoka alitoka Garissa, akalala Thika, akafika Embu mchana wa siku ya pili, na bado alikuwa na adabu ya kukataa kiti mpaka nikae mimi kwanza. Alibeba kitu kirefu ndani ya gunia la sukari, kimefungwa kwa kamba ya katani. Akajitaja: yeye ni Dahir, mwalimu wa shule ya msingi, mjukuu wa Hirsi. Awowe, ndivyo alivyomwita babu yake kwa Kisomali, alikuwa amefariki mwezi uliopita na kuacha maagizo mawili: shoka lipelekwe kwa fundi wa Embu kama bado yu hai, na fundi huyo aulizwe swali moja. Nilimwambia anywe chai kwanza. Swali aliliuliza baada ya chai, nami nitaliandika mahali pake, kwa sababu bila mwaka wa sitini na sita halina maana kwa mtu yeyote isipokuwa sisi wawili, na mmoja wetu keshazikwa.

Gunia nililifungua mwenyewe. Chuma kilikuwa kimeliwa na tupa miaka mingi hata kikabaki kifupi, lakini mpini niliutambua kabla sijautoa wote. Seremala hasahau kazi ya mkono wake, hasa ile iliyomwaibisha. Ulikuwa mweusi kwa mafuta na jasho, umepunguzwa kichwani mara mbili au tatu kila chuma kilipolegea, na mahali pa kushika ulikuwa mnene kuliko mpini wowote utakaoukuta dukani. Siku hizi watu wananunua mipini ya mashine, yote sawasawa, kana kwamba binadamu wote waligawiwa mkono mmoja. Sinunui, na anayeninunulia namrudishia. Huu niliuchonga kwa mkono wa mtu mmoja tu, na kabla yake nilichonga mwingine ambao nusura umpoteze.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, seremala wa karakana ya serikali pale Garissa, na nilikaa chumba kimoja na Wafula, karani wa stoo. Chumba kilikuwa cha mawe na mabati, na kuanzia saa nne asubuhi hakuna aliyeweza kukaa ndani isipokuwa mijusi. Tulikula ugali. Msafara wa malori ukifika kutoka Thika tulikula ugali na maharage, na ukichelewa, tulikula ugali na kile alichokuwa nacho Wafula kwenye kopo lake, yaani nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikakauka, ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Alikuwa akiinunua sokoni kwa mama mmoja, na alijua kila asubuhi mafuta yamefika wapi kwenye kopo. Maji tuliletewa na punda kutoka mto Tana, mekundu kama chai, tukayaacha yatulie. Mazungumzo ya mkahawani yalikuwa ya aina moja: gari gani limelipuliwa barabara ya Wajir, nani kahamishwa, kijiji gani kimekusanywa. Watu wa bara tulikaa upande wetu, Wasomali upande wao, na neno shifta, yaani waasi wa porini, lilipotajwa kila mmoja alishusha macho kwenye kikombe chake. Dereva mmoja wa karakana aliwahi kumpa lifti mfugaji mwenye homa, na wiki iliyofuata hakuwa dereva tena. Hakuna aliyetueleza kwa nini, na hatukuuliza.

Mwaka huo wafugaji walikuwa wanakusanywa na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge. Kimoja kilikuwa nje kidogo ya mji, na lango lake moja lilikuwa chini ya sajini mmoja wa bara. Mashoka yote ya kijiji yaliwekwa kwenye kibanda cha lango, kila moja na alama ya mwenyewe. Asubuhi kikundi cha wakata kuni wenye kibali kilitolewa kwenda kukata kuni za kambi, na jioni, wakirudi, kila mmoja aliruhusiwa kubeba mzigo wa matawi kwa ajili ya mbuzi wake. Ndani ya seng'enge hapakuwa tena na jani. Kwa hiyo mwenye kibali alikuwa na mbuzi, na asiye na kibali alikuwa na mifupa inayotembea. Ili upate kibali, ilibidi ukate gogo la mgunga mbele ya sajini aone kwamba wewe ni mkata kuni kweli. Hirsi alipoomba, sajini aliutazama mkono wake wa kulia akamwambia kwamba mwenye mkono ule hana haja na shoka, labda kama anampelekea mtu mwingine huko porini.

Mkono huo uliumwa na ngamia dume. Vidole vyote vilikuwepo, lakini vilipona vikiwa vimekauka, vikakunjika nusu tu, kama vya mtu anayeshika bilauri. Nguvu alikuwa nazo, begani na kwenye kiwiko. Alichokosa ni kufunga ngumi. Siku aliyoletwa karakana na askari, kwa ruhusa ya mara moja tu, alikuja na gogo la mkone alilolibeba kutoka upande wa Sangailu walipohamishwa, akalikausha juu ya moshi wa jiko la mkewe kwa muda mrefu likawa gumu na jepesi. Sijapata kuona mti uliotunzwa vile. Nililigonga kwa kisigino cha patasi likalia kama kengele. Hirsi akaweka mkono wake juu ya meza yangu ya kazi, akanionyesha.

"Fundi, mkono yangu hii ngamia alikula," akasema. "Kidole haifungi. Kwa hivyo mbini, hapa nashika, iwe bana. Bana sana."

Nilikuwa nimeshakaa Garissa miezi saba, na masikio yangu yalijua kazi yao. Mtu akisema bosta, nasikia posta. Akisema bolisi, nasikia polisi. Lakini hayo si maneno mpaka uyarekebishe, na bana ni neno kamili. Koti linabana, kiatu kinabana. Nikaelewa kwamba anataka mpini uliobanwa kiunoni, mwembamba, na akili yangu ya ujana ikaniunga mkono: mkono dhaifu, mpini mwembamba. Mswahili wa kuzaliwa angesema mnene. Hirsi alikuwa amejifunza Kiswahili chake sokoni na barabarani, na kwa kila kitu kikubwa cha kujaza mkono alikuwa na neno moja, pana, nalo lilitoka kinywani mwake likiwa bana.

Nilifanya kazi nzuri sana ya kitu kisichotakiwa. Gogo nililipasua kwa kabari, sikulikata kwa msumeno, maana msumeno unakata nyuzi za mti ovyo lakini kabari inazifuata. Likatoka mapande mawili, karibu mapacha. Moja nililiweka mezani, la pili nikaanza kulichonga kwa tezo, kisha randa, kisha tupa. Kiunoni nililipunguza mpaka likapita katikati ya kidole gumba na cha shahada. Msasa ulikuwa umekwisha stoo, nikalikwangua kwa kigae cha chupa, na hapo mkone unang'aa wenyewe. Kwetu tulizoea kupaka mafuta ya kitani. Hayakuwepo, nikachukua vijiko viwili vya mafuta kwenye kopo la nyirinyiri. Wafula alijua kabla hajakaa kitandani. Aliniuliza tangu lini mashoka yanakula kabla ya makarani. Tulicheka, lakini kuanzia siku hiyo kopo lilihamia ndani ya sanduku lake.

Siku ya jaribio nilipanda lori la karakana kwenda kurekebisha bawaba za lango, na mpini nikaenda nao. Nikautia chuma cha Hirsi pale pale kibandani, nikagonga kabari, nikakiona kimekaa. Sajini alikuwa kwenye kiti cha turubai kivulini, watu wa kijiji wamesimama mbali, na mkewe Hirsi, Habiba, alikuwa mbele yao na shuka begani. Hirsi alilipokea shoka kwa furaha, na furaha hiyo ikamwishia mkononi. Akaligeuza. Akanitazama.

"Fundi, hii si bana," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwelewa upesi, kama mjinga anavyoelewa upesi. Haijabana, yaani chuma kinacheza. Nikamnyang'anya shoka, nikaongeza kabari ya pili, nikaipiga kwa nyundo mpaka mti ukalia, nikamrudishia. Nikamwambia sasa imebana kabisa. Aliniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa chumvi. Sajini akaita. Hirsi akapiga pigo la kwanza, na la pili, mkono wa kushoto ukifanya kazi yote na wa kulia ukiteleza. La tatu shoka lote, chuma na mpini, lilimponyoka, likaruka, likajikita kwenye mguu wa kiti cha sajini.

Kisha askari wawili wakamlaza kifudifudi. Sajini alisema ametupiwa shoka mbele ya mashahidi, na hakuwa anaongopa, ndivyo alivyoona. Walipomwinua, Hirsi hakujitetea kwao. Alinitafuta mimi kwa macho, akapanua mikono miwili iliyokuwa bado haijafungwa. "Bana, fundi," akasema. "Bana kama barabara." Hapo ndipo neno lilipofunguka masikioni mwangu. Pana. Mkono usiofunga unahitaji kitu cha kuujaza. Mtoto wa miaka sita angeliona hilo bila lugha yoyote. Nilisimama na nyundo mkononi nikijua kila kitu, nikarudi kwenye bawaba zangu.

Hilo ndilo nililoficha miaka yote hii, kwa hiyo niliandike wazi. Nilijua siku ile ile. Nilinyamaza siku nne. Wafula aliniambia jioni ya kwanza, akipuliza uji wake, kwamba shoka halikuwa langu, mkono haukuwa wangu, na mtu wa bara anayekwenda kumtetea mtu wa kijiji aliyemtupia sajini shoka ajiandae kutembea nyuma ya yule dereva. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga kama mimi, ila yeye alikuwa na maneno ya kuupamba woga wake. Mkahawani nilisikia askari wakisema mtu wa shoka atapandishwa msafara wa Ijumaa pamoja na watuhumiwa wengine. Waliopandishwa msafara mara nyingi hatukuwaona tena. Nilikuwa na kazi ya viti vya ofisi, nikaifanya kwa bidii ambayo msimamizi aliisifu.

Habiba alikuja kila siku. Wanawake waliruhusiwa kutoka kwenda mtoni, naye alipitia karakana, akaweka mtungi chini, akakaa mlangoni kwa muda ambao chai ingechemka, akaondoka. Siku ya kwanza nilimsalimia, akaitikia. Siku ya pili na ya tatu hakusema kitu wala hakunitazama. Alilitazama lile pande la pili la mkone lililokuwa juu ya meza, mti wa moshi wa jiko lake. Siku ya nne, Alhamisi, alisimama kuondoka, akasema, "Mbuzi nne imekufa." Akajitwika mtungi. Hakulia wala hakuniomba chochote. Nadhani angeniomba ningepata sababu ya kukataa.

Nilivua aproni nikaenda langoni kwa miguu. Nikamweleza sajini habari ya pana na bana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo hadithi ilivyozidi kusikika kama ya kutungwa. Sajini alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita askari mmoja wa lango, Msomali wa Wajir, kijana mnyoofu, akamsimamisha wima. Akamuuliza: barabara ikiwa kubwa, magari mawili yanapita pamoja, utasema iko namna gani? "Iko bana, afande." Na kiatu kikiwa kidogo, kikikukamata mguu? Yule askari akafikiri. "Ina bana, afande." Sajini akamuuliza tena, polepole, na yule kijana akajibu tena vile vile, huku jasho likimtoka, akidhani amefeli mtihani wa kupandishwa cheo. Sajini aliinama mbele, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. Mimi sikucheka. Alipomaliza aliniuliza nilitambua lini kosa hilo.

"Siku ile ile, afande."

"Na leo ni siku ya ngapi?"

Nikamwambia ya nne. Kicheko kilimwisha usoni. Hakunitukana. Alisema tu nirudi kazini, na kwamba mtu wangu ataletwa.

Waliniletea Hirsi karakana mchana huo huo, mdomo umevimba upande mmoja. Sikuamini tena maneno, yake wala yangu, nikatafuta njia ya kuupima mkono wenyewe. Wafula alikuwa ameacha nusu ya ugali kwenye sufuria. Nikaukanda ukiwa bado na joto, nikauviringisha kuwa mche, nikamwambia aushike anavyoweza kushika. Hirsi hakuwa rafiki wa ugali. Kijijini waligawiwa unga kila wiki, na yeye alisema ni chakula cha kuzibia ukuta. Akaukamata, akaubana, alama za vidole vyake vilivyokauka zikaingia, na mche ukabaki mnene kama shingo ya mtungi wa maziwa. "Leo ugali imebata kazi," akasema. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, na kucheka kwenyewe kuliniuma.

Ndipo aliponiuliza. Aliuliza bila ukali, akiwa bado ameshika ugali: alikuwa amenionyesha siku ile langoni, nami niliona, alijua niliona. Mbona siku nne? Nikamjibu kwamba nilikuwa natafuta mti wa mpini wa pili. Nililisema hilo huku pande lake mwenyewe la mkone likiwa mezani katikati yetu, umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye kiwiko changu. Aliliangalia. Akaniangalia. "Haya," akasema, akaniwekea ugali kiganjani.

Mpini wa pili niliuchonga nikipima kwa uzi kwenye ule ugali, ambao ulikauka ukawa mgumu kama mti wenyewe. Niliacha tumbo nene, nikalipa bapa kidogo pale kidole gumba kinapolala ili usizunguke, na chini nikaweka kifundo ili ukiteleza ukamatwe. Mafuta alileta Habiba, ya nundu ya ngamia, kidogo ndani ya kijiko, na sikutaka kujua aliyatoa wapi. Jumamosi Hirsi alikata gogo la mgunga kwa mapigo tisa, kiti cha sajini kikiwa kimesogezwa nyuma sana. Akapata kibali. Mbuzi waliobaki walikula siku hiyo. Mimi nilihamishwa mwaka uliofuata, kwa utaratibu wa kawaida tu, bila adhabu. Yote niliyoyaogopa hayakunipata. Mpini wa kwanza nilioupunguza kupita kiasi niliukata nikautia nyundo yangu, nikafanyia kazi miaka arobaini, na kila asubuhi nilipoushika nilijua nimeshika nini.

Dahir aliweka kikombe chini. Alisema babu yake alikuwa akiisimulia hadithi hii kila Idi, na alikuwa akiwaigiza wote, sajini, askari wa Wajir, na mimi nikipiga kabari ya pili. Watoto walikuwa wakicheka mpaka wanajikojolea. Lakini alipofika kwenye siku nne alikuwa akinyamaza, na wakimwomba amalizie, alisema hapo ni kwa fundi, fundi atamaliza mwenyewe. Nyumba nzima imekua hivyo, hadithi haina mwisho.

"Kwa hiyo alisema nikuulize," Dahir akasema. "Zile siku nne, ulikuwa unatafuta mti?"

Saa ya ukutani ilikuwa ikipiga na mke wangu alikuwa jikoni, najua alisikia. Miaka yote ile nilidhani Hirsi alikuwa amenisadiki, au amesahau. Kumbe alinihifadhia mwisho wa hadithi.

"Hapana," nikamwambia. "Mti ulikuwa mezani. Niliogopa."

Dahir aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayepokea jibu alilolijua. Alisema atawaambia nyumbani. Kisha akaniomba nilijaribu shoka, maana awowe alitaka lifanye kazi, lisitundikwe ukutani. Nilitaka kumwambia haiwezekani. Ni mwaka wa tatu sasa vidole vyangu vya kulia havifungi, ni baridi yabisi, vinakunjika nusu tu, na ile nyundo yangu ya mpini mwembamba huniponyoka hata nikiishika kwa mikono miwili, nimeshaiweka sandukuni. Lakini mgeni akikuomba hivyo, utafanyaje? Tulitoka hadi penye kuni. Nikaweka mkono kwenye mpini wa Hirsi, pale tumboni, kidole gumba kwenye bapa nililolichonga mwenyewe.

Ukanitosha.